Sindano ya Mgongoni Wakati wa Uchungu: Tuulize Jina, Kipimo na Saa



Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mengi. Shubiri ina uchungu, mfiwa ana uchungu, na mama aliyekaribia kujifungua tunasema ameshikwa na uchungu. Huenda ndiyo sababu wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba uchungu wa kuzaa, kama ule wa msiba, hauna dawa: mtu hujikaza, huuma kitambaa, na akishamwona mtoto husahau. Bibi zetu walijikaza, mama zetu walijikaza, na zamu yetu ilipofika tuliambiwa maneno yale yale.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tulisomea stashahada ya uuguzi, na tumefanya kazi katika wodi za wazazi kwa miaka mingi. Jumamosi jioni tunajitolea kukaa na wajawazito wa mtaa wetu katika ukumbi wa kanisa hapa Mikocheni. Wanakuja wa kila namna. Anakuja mama wa nyumba yenye geti kubwa na anakuja binti anayemfanyia kazi za ndani, wote wawili na matumbo yao. Anakuja mwalimu, na anakuja mama ntilie wa karibu na kituo cha daladala, miguu ikiwa imevimba kwa kusimama. Mada zetu ni zile za siku zote: chakula, kadi ya kliniki, dalili za hatari, nguo za mtoto. Lakini katika miezi ya karibuni swali moja limekuwa likirudi, nalo ndilo lililotufanya tuandike.

Swali la binti na kilio cha mama

Aliyeuliza ni binti mwenye mimba ya kwanza. Alisubiri wenzake waanze kukunja viti, akasogea.

"Shikamoo mama nesi."

"Marahaba mwanangu. Sema."

"Eti ipo sindano ya mgongoni, ukichomwa husikii uchungu? Mama mkwe anasema ukichomwa hiyo utapooza, na mtoto atazaliwa teja, kwa kuwa ndani yake mna unga."

Wasomaji wa mikoani watusamehe. Hapa Dar es Salaam "unga" si wa sembe tu. Wilaya yetu ya Kinondoni imeona heroini ilivyoharibu vijana, na mama mkwe yule hakusema kwa ubaya. Amewaona vijana wakipanga foleni kunywa methadoni katika Hospitali ya Mwananyamala, huduma iliyoanza pale mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya kuanzishwa Muhimbili. Mtu aliyezika mpwa wake kwa sababu ya unga ana haki ya kuogopa jina la dawa yoyote ya jamii ile.

Kabla hatujajibu, mama mwingine alikaa tena kwenye kiti chake. Huyu ni mtu mzima, mwenye watoto watatu. Akasema kwamba miaka sita iliyopita, katika hospitali ambayo hatutaitaja, alichomwa sindano ya paja alipokuwa akipiga kelele kwa uchungu. Hakuambiwa ni ya nini. Baada ya muda mtoto alizaliwa amelegea, halii, na wakunga wakampulizia hewa kwa mfuko na barakoa mpaka akalia. Mtoto yule leo anasoma shule na hana tatizo. Lakini kwa miaka sita mawifi wamemwambia mama huyu kwamba alimchosha mtoto kwa makelele yake. "Mimi nataka kujua tu," akasema, "ni kelele zangu, au ni sindano?"

Alilia. Na sisi hatukuweza kumjibu kwa hakika, kwa sababu hakuna mahali alipoandikiwa jina la dawa, kipimo chake, wala saa aliyochomwa. Tulichoweza kumwambia kwa hakika ni kimoja: kelele za mama hazimlegezi mtoto. Hilo halimo katika vitabu vyote tulivyosoma wala katika yote tuliyoyaona leba.

Sindano hiyo ni kitu gani?

Tuanze na binti. Sindano aliyoisikia huitwa epidurali. Uti wa mgongo umefunikwa na utando, na nje ya utando huo ipo nafasi nyembamba. Daktari wa usingizi humkalisha mama akiwa ameinama, au humlaza ubavu, husafisha ngozi ya kiunoni, huitia ganzi, kisha huingiza sindano taratibu mpaka kwenye nafasi ile. Kupitia sindano hiyo hupitishwa mrija mwembamba kama uzi mnene. Sindano hutolewa, mrija hubaki umebandikwa kwa plasta, na dawa hupitishwa humo kidogo kidogo kadiri uchungu unavyoendelea.

Hii si ile sindano moja ya mgongoni ambayo wengi wetu tuliofanyiwa upasuaji tumeipata. Ile hutoboa utando, dawa huingia katika maji yanayouzunguka uti wa mgongo, na miguu hufa ganzi kabisa kwa saa kadhaa ili daktari apasue. Epidurali ya uchungu haikusudii kuua miguu. Inakusudia mama abaki macho, aongee, ageuke kitandani, na ahisi mtoto akishuka, lakini ule ukali upungue.

Njia hii si ngeni duniani. Daktari wa jeshi wa Hispania, Fidel Pagés, aliieleza kwa ajili ya upasuaji mwaka 1921. Kwa muda mrefu dawa iliyopitishwa ilikuwa ya ganzi peke yake. Mwaka 1973 wanasayansi waligundua kwamba katika mishipa ya fahamu ya miili yetu yapo makao maalumu ambamo dawa za jamii ya afyuni hukaa na kufanya kazi, na miaka sita baadaye, 1979, madaktari wa Yerusalemu wakatoa taarifa kwamba mofini kidogo iliyopitishwa njia ya epidurali ilituliza maumivu ya wagonjwa wao. Tangu hapo ndipo ilipokuja fikra ya kuchanganya dawa mbili: ya ganzi kidogo, na ya jamii ya afyuni kidogo.

Kidogo ni kiasi gani?

Hapa ndipo mama mkwe alipokuwa na sehemu ya ukweli, na ndipo penye jibu lake. Ni kweli kwamba dawa inayochanganywa, mara nyingi fentanili, ni ya jamii moja na heroini. Ila katika mambo ya dawa, kipimo ndicho kila kitu. Chumvi ile ile inayounga mchuzi, ikizidi huumwaga.

Kijiko cha chai cha chumvi huchukua kama gramu 5 au 6. Gramu moja ina miligramu 1,000, na miligramu moja ina mikrogramu 1,000. Fentanili hupimwa kwa hizo mikrogramu. Mchanganyiko unaotumika sana sasa ni wa dawa ya ganzi iitwayo bupivakaini ya asilimia 0.1, pamoja na mikrogramu 2 za fentanili katika kila mililita. Mama akipewa mililita 10 kwa saa, atakuwa amepata miligramu 10 za bupivakaini na mikrogramu 20 za fentanili. Kwa saa sita, fentanili yote itakuwa mikrogramu 120. Huo ni kama uzito wa punje chache tu za chumvi.

Kwa nini basi isitumike dawa ya ganzi peke yake, tukaachana na hofu hii? Kwa sababu ganzi peke yake hutakiwa iwe nyingi, na ganzi nyingi haichagui. Huzima maumivu, huzima na nguvu za miguu na za kusukuma. Zamani mililita 10 za bupivakaini ya asilimia 0.25 zilikuwa na miligramu 25, yaani mara mbili na nusu ya kile tulichotaja. Mama alilala kama gogo, na mara nyingi mtoto alivutwa kwa vyombo. Fentanili ikiongezwa kidogo, ganzi hupunguzwa na nguvu hubaki.

Jambo hili lilipimwa. Huko Uingereza wanawake 1,054 waliokuwa wakijifungua kwa mara ya kwanza waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilipewa epidurali ya zamani yenye ganzi nyingi, mengine yakapewa za kipimo kidogo zilizochanganywa na fentanili. Taarifa ilitoka mwaka 2001: katika kundi la zamani, waliojifungua kwa njia ya kawaida bila kuvutiwa mtoto walikuwa kama 35 katika kila 100, katika makundi ya kipimo kidogo walikuwa kama 43. Wote walitulizwa uchungu. Tofauti ilikuwa katika nguvu zilizobaki.

Pia mtauliza, kwa nini fentanili na si mofini ambayo tumeizoea? Fentanili hupenda mafuta, hivyo hunata haraka karibu na pale ilipowekwa, huanza kazi mapema na kuisha mapema. Mofini hupenda maji. Hukaa katika maji ya uti wa mgongo na kupanda polepole kuelekea kichwani, na inaweza kupunguza pumzi za mama saa nyingi baadaye, hata baada ya wauguzi kudhani hatari imekwisha. Ndiyo maana mofini ya mgongoni hutumika zaidi baada ya upasuaji, na mama huyo huangaliwa kwa saa 24.

Na sisi wauguzi tuna wajibu wetu. Ampuli ya fentanili ya mililita 2 ina mikrogramu 100. Kutengeneza mfuko wa mililita 100 wenye mikrogramu 2 kwa kila mililita huhitaji ampuli mbili tu. Anayesoma mikrogramu akadhani ni miligramu atakuwa amekosea mara elfu moja. Kwa hiyo dawa hizi hufungiwa katika kabati la kufuli mbili, tunaloliita DDA, huandikwa katika daftari lake, na wahudumu wawili husoma lebo na kuhesabu pamoja kabla ya kuchanganya. Mkimwona nesi anamwita mwenzake aje aangalie kichupa, msidhani hajui kazi. Huyo ndiye anayeijua.

Madhara, na habari za mtoto

Hatutawaficha. Dawa isiyo na madhara yoyote hatujaiona.

Jambo la kwanza ambalo fentanili ya mgongoni huleta ni kuwashwa, hasa usoni, kifuani na mapajani. Mama mmoja tuliyemsindikiza alijikuna akaanza kutuambia kwamba kuna mtu amemtupia kitu. Hapana. Ni dawa, si mzio na si mtu, nako huisha kipimo kinapopungua. Wengine hupata kichefuchefu, wengine kutetemeka, wengine homa ndogo, wengine kushindwa kukojoa mpaka wasaidiwe kwa mpira. Presha inaweza kushuka, ndiyo sababu mama huwekewa dripu kwanza, halazwi chali, na presha hupimwa kila dakika 5 kwa dakika 15 za mwanzo na kila dawa inapoongezwa. Kiasi cha mama mmoja katika 100 hupata kichwa kikali siku zinazofuata kwa sababu utando ulitoboka. Kina tiba, asikae nacho nyumbani. Kupooza moja kwa moja ni jambo la nadra mno.

Pumzi ndilo jambo kubwa. Dawa yoyote ya jamii ya afyuni ikizidi humfanya mtu asahau kupumua. Kwa vipimo tulivyotaja hilo ni nadra, lakini mwangalizi lazima awepo, ahesabu pumzi, asikilize moyo wa mtoto, na awe na naloksoni karibu, dawa inayoziondoa hizo katika makao yake. Hospitali isiyoweza kumweka mtu wa kuangalia, basi haijawa tayari kutoa epidurali, hata kama sindano zimejaa stoo.

Wapo wasiopaswa kuipata: wenye damu isiyoganda vizuri au wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wenye chembe sahani chache kutokana na kifafa cha mimba kikali, wenye maambukizi pale kiunoni, wanaovuja damu nyingi, na bila shaka wasioitaka.

Je, huongeza upasuaji? Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2018, uliokusanya tafiti nyingi, haukuona kwamba epidurali huongeza upasuaji wala maumivu ya mgongo ya muda mrefu.

Je, mtoto atakuwa teja? La hasha. Mtoto anayezaliwa akiwa na arosto ni yule ambaye mama yake alitumia kwa miezi. Mikrogramu chache za saa chache hazimfanyi mtoto mraibu. Kuhusu kunyonya, watafiti wa New York walitoa taarifa mwaka 2005 kwamba mama waliopata zaidi ya mikrogramu 150 za fentanili ndani ya epidurali walikuwa wengi zaidi kati ya walioacha kunyonyesha ifikapo wiki ya sita. Mwaka 2017 watafiti wa Chicago walilinganisha michanganyiko yenye fentanili na isiyo nayo, na hawakuona tofauti. Karibu wote walikuwa bado wananyonyesha. Sisi tunachukua funzo moja kutoka kwa wote wawili: kipimo kiwe kidogo kinachotosha, na mtoto awekwe kifuani mapema.

Sindano ya paja

Sasa turudi kwa mama aliyelia. Katika hospitali zetu nyingi, dawa ya uchungu inayoweza kupatikana ni pethidini, nayo huchomwa kwenye msuli, miligramu 50 hadi 100. Nayo pia ni ya jamii ya afyuni. Wengi wanaoiogopa epidurali huikubali hii bila swali, wakidhani ya paja ni nyepesi. Tupime basi. Miligramu 100 za pethidini kwa nguvu zinakaribiana na mikrogramu 100 za fentanili, yaani fentanili ya saa tano katika mfano wetu. Na hii haikai kiunoni. Huingia katika damu ya mama yote, hupita kondo la nyuma, na kumfikia mtoto.

Hapo saa ndiyo huamua. Mtoto anayezaliwa kati ya saa mbili na tatu baada ya sindano ndiye hulegea zaidi. Akizaliwa ndani ya saa moja, dawa huwa bado haijamfikia kwa wingi. Ini lake changa huchelewa kuiondoa, hivyo anaweza kuwa mzito wa kunyonya kwa siku mbili au zaidi. Hili halina maana kwamba pethidini ni mbaya. Ni moja ya dawa ambazo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu uzazi, linakubali mama apewe anapoomba, sawa na epidurali. Ila anayeichoma lazima apime njia kwanza, akadirie saa ya kuzaa, aandike, na aweke mfuko na barakoa tayari. Na mama aambiwe, ili mtoto akichelewa kulia asije akabeba lawama isiyo yake kwa miaka sita.

Wanaosema ni kukosa imani

Wapo pia wanaotuambia kwamba kutuliza uchungu wa kuzaa ni kupingana na maneno aliyoambiwa Hawa katika kitabu cha Mwanzo, sura ya tatu. Hoja hii ni ya zamani. Daktari James Young Simpson wa Edinburgh alipoanza kuwapa wazazi etha na kisha klorofomu mwaka 1847, aliandika kijitabu mwaka huo huo kujibu pingamizi za kidini. Aliwakumbusha kwamba katika sura ya pili ya kitabu hicho hicho, Mungu alimlaza Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu. Mwaka 1853 Malkia Victoria alivuta klorofomu alipomzaa Leopold, akipewa na daktari John Snow, na kelele zikapungua. Mwaka 1956 Papa Pius XII alipozungumza na madaktari kuhusu kuzaa bila maumivu alisema hakuna ubaya wa kiimani katika jambo hilo.

Nasi tunaongeza neno dogo. Sura ile ile ilimwambia Adamu kuhusu miiba na jasho, na hatujamsikia mtu akimkataza mkulima trekta. Anayejifungua bila dawa kwa hiari yake tunamheshimu. Anayeomba dawa asiitwe mvivu wala asiyeamini.

Kwa nini hofu hii ni jambo zito

Mtatuuliza, je, ni lazima kuandika yote haya kwa jambo ambalo mama ntilie hataliona? Tunajua. Wataalamu wa usingizi nchini ni wachache, na waliopo wanahitajika chumba cha upasuaji kuokoa maisha. Epidurali ya uchungu hupatikana katika hospitali chache, na gharama yake si ya kila mfuko. Katika ukumbi wetu, mama wa geti kubwa na binti wake wa kazi wataingia leba mbili tofauti.

Lakini kutokujua ni kwa wote. Huko Kampala, katika Hospitali ya Mulago, watafiti waliwahoji wajawazito 1,293. Taarifa yao ya mwaka 2015 ilisema ni asilimia 7 tu waliokuwa na habari kwamba uchungu wa kuzaa unaweza kutulizwa. Na tumeona wenyewe kwamba mama aliyeteseka mara ya kwanza, akafokewa na kuambiwa anyamaze, mimba ya pili huchelewa nyumbani. Hujificha chumbani mpaka chupa ipasuke. Akitoka damu huko, hakuna wa kumsaidia. Hofu ya maumivu humweka mtu mbali na kitanda ambacho kingemwokoa.

Yapo mambo ambayo hayahitaji daktari wa usingizi. Mwongozo ule ule wa mwaka 2018 unataja kukandwa mgongo, kitambaa cha moto kiunoni, kupumua kwa utaratibu, muziki, kutembea na kukaa wima kwa apendaye, na mwenzi wa kumshika mkono. Mkoani Kigoma, kati ya mwaka 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai lilifanya majaribio ya kuruhusu mama awe na msindikizaji wake leba katika vituo vya serikali, na mama waliosindikizwa waliridhika zaidi na huduma.

Binti yule aliyeuliza habari za unga alijifungua katika hospitali isiyo na epidurali. Lakini wiki mbili kabla alikuja ukumbini na mama mkwe wake, na tulimweleza bibi huyo hesabu yote ya mikrogramu, kwa mfano wa chumvi. Alisikiliza, akauliza maswali makali kuliko ya vijana. Siku ilipofika ni yeye aliyeruhusiwa kuingia. Alimkanda mkwewe kiuno tangu saa nne usiku mpaka alfajiri, na nesi alipokuja na sindano, bibi ndiye aliyeuliza: "Hii ni dawa gani, mwanangu? Kiasi gani? Na sasa ni saa ngapi?" Nesi akamjibu bila kukunja uso.

Maswali matatu ya kuandika kwenye kadi

Basi tunawaombeni, kila mjamzito anayesoma haya aandike nyuma ya kadi yake ya kliniki maneno matatu: jina, kipimo, saa. Akichomwa dawa yoyote ya uchungu, yeye au msindikizaji wake aulize kwa heshima na aandike.

Anayekwenda hospitali yenye epidurali aongeze haya, na ayaulize mapema kliniki, si siku ya uchungu. Nani atanichoma, na yupo usiku pia? Mchanganyiko wenu una ganzi asilimia ngapi na fentanili mikrogramu ngapi? Nani atakaa nami kupima presha na pumzi? Gharama yote ni kiasi gani? Nina tatizo lolote la damu linalonizuia?

Na ninyi wauguzi wenzetu mnaosoma, mkiulizwa msichukie. Mama anayeuliza kipimo si mjuaji. Anajilinda, na anawalinda na ninyi pia. Mwambieni jina, mwandikieni kipimo, mtajieni saa.

Mama yule wa miaka sita hatajua kamwe alichomwa nini. Tusiongeze mwingine kama yeye.